Difu la Mama Mkwe

Pikapu ya Nyanjige ikienda moja kwa moja haikuwa na neno. Kwenye kona ndiko ilikomwaibisha. Akikata usukani kuingia sokoni Bariadi, nyuma kulianza kutetemeka, kisha kukagonga, gu, gu, gu, na magunia ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, yakarukaruka. Wauza dagaa waliacha kufukuza nzi wakamgeukia.

"Nyanjige, gari lako lina degedege?"

"Mwacheni, lina mimba changa!"

Naye alicheka pamoja nao, maana alikuwa mwanamke wa kucheka. Lakini akifika nyumbani alizima injini akabaki ameshika usukani, hashuki. Pikapu hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kulima vibarua mashamba ya watu. Ilibeba mpunga wa Nkololo, michembe, vitanda vya maharusi, hata kwaya ya kanisa pamoja na vinanda vyake. Mjini hapo wapo waliomjua kwa gari kabla ya kumjua kwa jina.

Mumewe, mzee Bujiku, alikuwa na dawa yake. Hakujua kuendesha gari wala hakutaka kujua. Yeye alijua ng'ombe, na ng'ombe akianza kuchechemea unamuuza kabla hajakonda. Basi akazungumza na Marcelo, mnunuzi wa magari mabovu. Marcelo akaja, akakata kona moja mbele ya nyumba, akashuka anatikisa kichwa kwa ile huzuni ya wafanyabiashara ambayo haifiki moyoni.

"Mzee, difu limekufa, zile gia za ekseli ya nyuma. Mimi nitalichukua hivyo hivyo, kwa ajili ya udugu tu."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo ya kuwekea matanga, lakini Bujiku alimpa mkono. Wakakubaliana Marcelo arudi Jumamosi baada ya chakula cha mchana, aondoke na gari.

"Umempa mkono?" Nyanjige aliuliza.

"Nimempa."

"Mkono wako, gari langu."

"Sasa mama Scola, likikufia njiani na mpunga wa watu utamlaumu nani? Difu limekufa. Mwenye kujua kasema."

"Mwenye kujua ndiye huyo huyo mwenye kununua?"

Bujiku akakohoa, akakumbuka kwamba kuna ndama hajamwona tangu asubuhi. Nyanjige akaingia jikoni, na siku hiyo ugali ulisongwa kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Jumamosi ilipofika, Bujiku aliswaga ng'ombe wake mapema kwenda josho. Nyumbani wakabaki wawili: Nyanjige na binti yake Scola, aliyekuja kwao kujifungulia mtoto wa kwanza, tumbo limefika mbele kuliko yeye. Mume wa Scola aliitwa Machibya, kijana wa Sola kule Maswa, dereva wa lori la pamba. Kila Jumamosi alikuja kumwona mkewe.

Na hapa lazima niseme jambo. Siku hizi wapo Wasukuma wa mjini wanaokaa meza moja na mama mkwe, wakapigana vijembe na kugombea paja la kuku. Nyumbani kwa Nyanjige hayo hayakuwepo. Mkwe, nkwilima, hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, wala hasemi naye neno ana kwa ana. Machibya akija, alisimama nje ya boma akakohoa. Nyanjige akisikia kikohozi, alipita nyuma ya nyumba. Tangu harusi, Machibya alimjua mama mkwe wake kwa mgongo na kwa kicheko. Si kwamba walichukiana, la! Waliheshimiana mno, mpaka hakuna aliyejua mwenzake anafananaje.

Siku hiyo Machibya alikohoa, na aliyemtokea ni Scola, macho mekundu.

"Wanaliuza gari la mama. Leo. Baba kasema difu limekufa."

"Linaliaje?"

"Linagonga likikata kona."

"Na likinyooka?"

"Likinyooka kimya."

Machibya akakuna shingo. "Difu lililokufa linalia hata kwenye barabara iliyonyooka. Usiku na mchana linalia. Hilo linalolia kwenye kona tu, mimi nahisi limenyweshwa oili isiyo yake." Akapandisha sauti kidogo, maana alijua nyuma ya mlango wa jikoni kuna masikio. "Ila nahisi tu. Mimi ni dereva, si Mungu."

Mlango wa jikoni ukakohoa, ukanong'ona.

"Mama anauliza," Scola akasema, "ukiibadilisha hiyo oili, gari litapona?"

"Mwambie nikipata ya kwake, nadhani litapona."

"Mama anasema basi umesimama hapo unangoja nini?"

Machibya akapanda bodaboda mpaka mjini, dukani kwa Specioza, mwanamke mwembamba mwenye miwani aliyeuza vipuri na hakupenda kurudishiwa kitu. Ndani walikuwamo madereva watatu wanaokunywa soda na kumaliza maneno ya mji.

"Shikamoo dada. Nipe oili ya difu, ya pikapu."

"Marahaba. Difu la kawaida au la LSD?"

"La pikapu."

"Kaka yangu, nimekuuliza dini, unanitajia kijiji." Madereva wakacheka. Specioza akashusha chupa mbili akaziweka kaunta. "Hii ni ya difu la kawaida. Hii ina neno LSD, ni ya lile difu la kushika, lile linalozungusha tairi zote mbili hata moja likiwa kwenye tope. Zote ni themanini na tano tisini, unene ni mmoja, ila dawa iliyomo ndani siyo moja. Ukiweka isiyo yake utarudi hapa kunitukana. Difu lako ni lipi?"

"Si langu. Ni la mama mkwe."

"Basi nenda kamuulize mama mkwe!"

Duka zima likaangua kicheko, maana kila aliyekuwamo alikuwa na mkwe. Dereva mmoja akamshika bega: "Ndugu yangu, rahisi kumuuliza Rais." Machibya akatoka masikio yakimuwaka moto, mikono mitupu.

Kurudi, alianza na njia ya adabu, ile isiyohitaji kuuliza mtu. Alifungua boneti akatafuta bati dogo la kiwandani, lenye namba za gari zikiwemo za ekseli. Akalipangusa kwa mate na kidole. Akapiga simu kwa fundi anayemfahamu kule Maswa, akamsomea.

"Hilo ni difu la kawaida," fundi akasema. "Hakuna LSD hapo."

Machibya akakata simu akiwa amechanganyikiwa zaidi. Kama difu ni la kawaida, oili isiyo yake hailigongeshi kwenye kona. Basi huenda Marcelo alisema kweli. Alitazama jua, akaona limeshapanda sana.

"Scola, nitalipima kwa mkono. Lakini nahitaji mtu wa kushika tairi la upande wa pili, mwenye nguvu."

Scola akajitazama tumbo. "Mwenye nguvu mimi?"

"Mwite jirani."

Mlango wa jikoni ukakohoa kwa ukali. Kumwita jirani kulikuwa rahisi, lakini Nyanjige hakutaka. Jirani akishika tairi mchana, jioni soko zima limelishika.

"Mama anasema jirani hapana," Scola akasema. "Na mama anauliza, ukishalipima ndiyo nini? Na mama anasema Marcelo anakuja. Na mama anasema..." Akashika kiuno. "Jamani, mimi nina mtoto tumboni, sasa mmenifanya simu ya upepo! Nakwenda kulala. Semezaneni wenyewe, au msisemezane, gari liende!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kuku akapita katikati ya uwanja, akaona hapana salama, akarudi.

Machibya alisimama anatazama viatu vyake. Moyoni alikuwa na hofu ya kweli. Akiondoka, mama mkwe atapoteza gari na hatasahau. Akibaki, atavunja adabu na hatasahau pia. Na Nyanjige, kule nyuma ya mlango, aliishika fremu kwa mikono yote miwili. Kanga za heshima alikuwa nazo nyingi. Pikapu alikuwa nayo moja.

Ndipo ilipotoka sauti jikoni, kubwa, iliyozoea kuitana sokoni. "Wewe gari!"

Machibya akashtuka.

"Wewe gari, nasema na wewe. Mwambie huyo mtu akunyanyue, kisha akae upande wake na ageukie huko. Mimi nitakaa upande wangu. Wewe utakuwa katikati. Mtu akisema na gari lake hajamkosea mtu."

Machibya akaugeuza uso pembeni. "Gari," akasema kwa sauti ya chini, "mwambie Mayu, mama yangu, nimesikia."

Akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele. Akapiga jeki, akasimamisha ekseli ya nyuma juu ya magogo mawili mpaka tairi zote mbili za nyuma zikaning'inia. Akaweka gia fri, akaachia hendibreki, kisha akaenda upande wa kulia, akachuchumaa akiwa ameupa mgongo upande wa jikoni. Alisikia ndala zikipita, zikazunguka, zikasimama upande wa kushoto. Kati yao kulikuwa na bodi ya gari lenye vumbi la Nkololo.

"Gari, mwambie Mayu asishike kitu kwanza. Atazame tu. Mimi nazungusha la kwangu kuelekea mbele. La kwake linakwenda wapi?"

Akazungusha.

"Gari, mwambie linakwenda mbele nalo."

"Mbele kweli? Kuelekea kwenye taa za mbele?"

"Gari, muulize kama anadhani mimi sijui mbele ya gari langu ni wapi!"

"Samahani, gari." Lakini Machibya alianza kutabasamu. Difu la kawaida, ukizungusha tairi moja kwenda mbele, la pili hurudi nyuma. Haya yalifuatana. "Sasa mwambie ashike la kwake kwa mikono miwili, alizuie kabisa. Akaze."

Nyanjige akakunja kanga, akapiga magoti, akalikumbatia tairi. Mikono ile ilishapakia magunia ya mpunga. Machibya akasukuma la kwake. Likakataa. Akasukuma tena, akatia bega, likaanza kujivuta polepole, zito, linabana na kuachia.

"Linasogea?" sauti ya upande wa pili ikauliza, imebanwa na pumzi.

"Linasogea kwa shida. Vizuri! Lingekuwa la kawaida lingezunguka kirahisi. Lingekuwa limechomelewa lisingesogea hata kidogo. Hili ni LSD, gari! Wewe ni LSD!" Furaha ikamzidi, akalipiga kofi bodi. Kisha akakumbuka. "Lakini bati lako linasema la kawaida. Nani muongo?"

"Gari, mwambie bati halijasema uongo. Bati lilizaliwa nawe. Difu hilo hukuzaliwa nalo. La kwanza lilivunjika kule Shishiyu kwenye tope, mwaka ule wa mvua nyingi, nikaletewa hilo kutoka Mwanza. Fundi akasema, mama, hili ni la kushika tope, hutakwama tena. Na sijakwama."

"Gashi! Kumbe!" Machibya akajisahau. "Sasa Mayu, mbona hamkusema tangu mwanzo?"

"Gari, muulize, aliyeniuliza ni nani?"

Tangu asubuhi kijana alikuwa amezunguka mjini, akasoma bati kwa mate, akapiga simu Maswa, na jibu lilikuwa limekaa jikoni linapepeta mchele. Adabu ni kitu kizuri, lakini haina masikio.

"Na oili?" akauliza kwa unyenyekevu. "Gari, umewekewa oili gani?"

Kikatoka kikohozi kidogo ambacho hakikuwa cha ukali.

"Gari, mwambie... wiki iliyopita ile ya zamani ilipomwagwa ilikuwa kama chai ya maziwa, maji ya mtoni yaliingia. Nikaenda kwa muuza oili za kupima. Alikuwa nazo mbili. Nikachovya vidole. Ya kwanza nyepesi, ikakatika mara moja. Ya pili nikaivuta, ikavutika, ikavutika, mpaka chini haijakatika. Nikasema hii ndiyo oili. Mlenda wa kueleweka huo."

Machibya alijaribu kujizuia. Aliuma mkono wa shati lake. Kumcheka mama mkwe ni kosa ambalo hata mbuzi halilipi. Lakini kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, akaketi chini kabisa na kulishika tairi. Upande wa pili kile kicheko alichokijua tangu harusi kikapasuka, kikubwa, mpaka gari likatikisika juu ya magogo.

"Gari, mwambie ndani ya difu hilo kuna visahani vimebanana," Machibya akasema, anafuta machozi. "Kwenye kona vinatakiwa viteleze kidogo, maana tairi la nje linakwenda mbali kuliko la ndani. Vikikosa ile dawa yao havitelezi vizuri. Vinang'ang'ania, vinaachia, vinang'ang'ania. Ndiyo hiyo gu, gu, gu. Unene si kitu, ni dawa."

"Gari, mwambie aende dukani akimbie."

Specioza alipomwona karudi, alishusha miwani. "Ulimuuliza mama mkwe?"

"Nilimuuliza gari. Nipe ya LSD."

Machibya alifungua nati ya juu ya difu kwanza, ile ya kujazia, maana ukimwaga ya zamani kisha ya juu ikakataa kufunguka, umejifunga mwenyewe. Ilifunguka. Akafungua ya chini, na mlenda wa Nyanjige ukatoka taratibu. Akafunga chini, akajaza mpya mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu. Kazi yote aliifanya amelala chali chini ya gari, na mara kwa mara mkono wenye bangili ulitokeza upande wa pili ukasogeza spana au kitambaa, ukarudi.

"Gari, haijaisha," akasema alipomaliza kulishusha. "Oili mpya lazima iingie kati ya visahani. Inatakiwa uendeshwe polepole, kwa duara la kulia, kisha la kushoto, mara nyingi. Na mimi nisikilize nyuma."

Basi watu waliokuwa wakipita karibu na uwanja wa shule mchana ule waliona ajabu. Nyanjige peke yake ndani, ameshika usukani kwa heshima zote, anazunguka kulia, anazunguka kushoto, anarudia. Nyuma, kwenye bodi, mkwe wake amelala kifudifudi sikio likiwa kwenye bati, kichwa amekielekeza mkiani. Duara la kwanza, gu, gu, gu. Waliokuwa wanatazama wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo. Nyanjige uso ulimuwaka, lakini hakusimama. Maduara ya baadaye, mlio ukapungua. Ukawa mmoja mmoja. Kisha Machibya akainuka, akapiga kofi paa la gari, akapiga tena, akapiga kama mwendawazimu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikiliza.

Nyanjige alizunguka mara nyingine ambazo hazikuwa na lazima. Alikuwa analia na kucheka, na ndani ya gari hakukuwa na mtu wa kumwona, akashukuru.

Walipofika nyumbani, Bujiku alikuwa amerudi na ng'ombe, na Marcelo ameketi kivulini anamalizia maziwa mgando. Bodaboda iliyomleta ameshairuhusu, maana alijua ataondoka na gari. Pikapu iliingia ikakata kona kali mlangoni pa boma, kimya kabisa. Marcelo akaweka kibuyu chini.

"Mzee," akasema polepole, "kumbe difu si baya sana. Tufanye vile vile tulivyokubaliana."

Bujiku akamtazama mkewe kupitia kioo. Alikuwa mtu wa neno lake, na kwa kweli aibu ilimshika.

Nyanjige akatoa kichwa dirishani, akasalimia. "Mwadila, kaka Marcelo. Wewe ulikubaliana na mzee kuhusu gari gani?"

"Si ndilo hili hapa?"

"Si ulisema la difu lililokufa?"

"Ndiyo, niliona..."

"Basi angalia boma lote, ndani ya zizi, na nyuma ya ghala. Ukiona gari lenye difu lililokufa, lichukue. Mume wangu alikupa mkono, hatuurudishi. Ila hili ni zima, halikuwemo kwenye maneno yenu."

Bujiku akaanza kucheka kabla hajajua kama inafaa. Marcelo alitazama zizi, akatazama ghala, na kwa sababu naye alikuwa mfanyabiashara aliyejua anapopigwa bao, akacheka pia.

"Haya mama, nimeshindwa. Sasa nitarudije mjini?"

"Napita mjini nikienda Nkololo, kuna mpunga wa watu unaningoja. Panda nyuma. Ushike vizuri, nakata kona."

Marcelo akapanda nyuma. Scola alisimama mlangoni, ameshika kiuno, anatazama. Machibya, mgongo umejaa oili, alikuwa ameshaweka mguu juu ya tairi ili apande naye akasaidie kupakia mpunga.

"Wewe gari," Nyanjige akasema, "mwambie huyo mtu nyuma kuna vumbi. Apande mbele."

Bujiku akakohoa. Scola akaziba mdomo. Machibya akasimama mguu mmoja juu, mmoja chini, hajui ashuke au apande. Kisha akashuka, akazunguka kwa upande wa nje, akafungua mlango, akaketi kwenye ukingo wa kiti akiligeuzia uso dirisha lake. Nyanjige macho yake yalikuwa mbele. Sheria ya barabarani inamtaka dereva atazame njia, na adabu inamtaka mkwe atazame pembeni, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa.

Wakatoka. Mashamba ya pamba yakaanza kupita upande wa Machibya. Kwenye kona ya kwanza wote wawili walitega sikio nyuma, na hata Marcelo akaishika bodi kwa mikono miwili. Gari likapinda, likanyooka, likaendelea na safari.

"Wabeja, mwanangu, asante," Nyanjige akasema.

Safari hii hakuwa akiliambia gari.